Pingi ikijibu, kazi haijaisha: jibu kwa mkuu wa Moshi aliyeuliza kuhusu MPLS na VPN

Mkuu, achana na hizo konfigi, hiyo mistari ya amri za kubandika kwenye ruta. Zote. Usibandike hata mstari mmoja tena mpaka umalize kusoma hapa.

Wadau wengine watakujibu kwa utaratibu, mimi siwezi. Umesema uko Moshi, una CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco), kampuni yenu ya intaneti ni ndogo, na bosi amekupa mwezi mmoja ujue MPLS (kupeleka pakiti, yaani vipande vya data, kwa kusoma lebo zilizobandikwa juu yake) na VPN (mtandao wa mteja uliotengwa ndani ya mtandao wenu) ili muunganishe matawi ya wateja wawili. Ukauliza usome nini, laptopu ya GB 8 kama inatosha kufanyia mazoezi, uanze na VPN ya leya ya 2 (ngazi ya Etheneti) au ya 3 (ngazi ya IP), na cheti kama kinalipa. Maswali mazuri. Kilichonishtua ni ule mstari wa mwisho ulioutupia tu: kwamba mwalimu wa wikendi amewapa konfigi zilizo tayari, unabadilisha anwani unabandika, pingi (pakiti ndogo ya kuuliza kama mashine ya mbali ipo) inajibu, na mwezi ujao mnampandisha mteja wa kwanza.

Nilifika hapo ulipo, kwa njia hiyo hiyo. Ilinigharimu mishahara miwili na mteja mwenye ofisi tatu.

Mteja wetu alikuwa chama cha akiba na mikopo. Makao Arusha, seva iko hapo. Matawi Moshi na Himo. Sisi tulikuwa na ruta moja Arusha mjini, moja Boma Ng'ombe, moja Moshi. Kati ya Arusha na Boma tulikodi faiba ya watu, na faiba hiyo ilipita kwenye swichi moja pale Usa River ambayo si yetu. Ishike hiyo swichi akilini.

Tulihamisha Jumamosi usiku. Nilibandika konfigi za mwalimu wangu wa wikendi, na kila kitu kikapanda. Majirani wa LDP (inayogawa lebo kati ya ruta) wako hewani, BGP (inayopashana ruti, yaani njia) iko hewani, ruti za matawi zinaonekana ndani ya VRF ya mteja (jedwali la ruti zake peke yake), pingi kutoka Moshi hadi seva ya Arusha inajibu bila kupotea hata moja. Nikapiga picha ya skrini, nikaitupa kwenye grupu la kazi, nikaenda kulala. Jumapili ofisi zimefungwa, hakuna aliyelalamika.

Jumatatu ilikuwa wiki ya shule kufunguliwa, mwezi wa kwanza. Watu wanatoa ada. Saa mbili na nusu asubuhi simu ya kwanza ikaingia: mfumo Moshi unafunguka nusu halafu unaganda. Nikapingi seva, ikajibu. Nikamwambia meneja wa tawi, "Mtandao uko sawa, angalieni seva yenu." Saa nne akapiga tena, nikapingi tena, nikamjibu maneno yale yale. Himo nao wakapiga. Mpaka saa saba mchana nilikuwa bado narudia sentensi hiyo, na kila nilipoirudia nilikuwa na ushahidi mkononi: pingi inajibu.

Kosa lenyewe ni hilo, mkuu. Konfigi mbovu mtu hurekebisha. Lakini kumwambia mteja kwamba shida ni yake, zaidi ya saa nne mfululizo, huku foleni inatoka nje ya mlango, hilo halirekebishiki.

Mchana nilipanda Coaster nikaenda Moshi mwenyewe. Ukumbi umejaa. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele na kitabu chake cha akiba magotini, amejifunika kitenge mabegani, hasemi kitu, anatazama tu kaunta. Kwenye skrini ya mhudumu ukurasa wa kuingia ulikuwa na kichwa cha habari juu, na chini yake peupe. Dada mmoja fundi wa programu wa chama, ambaye tangu asubuhi nilikuwa namwambia aangalie seva yake, akaniuliza swali moja: "Kaka, umejaribu na pakiti kubwa?"

Sikuwa nimejaribu. Akaandika ping -f -l 1472 na anwani ya seva, yaani mzigo wa baiti 1472 (1500 pamoja na vichwa vya baiti 28) usioruhusiwa kukatwa. Kimya. Akashusha hadi 1000, ikajibu. Akawa anapanda na kushuka kama mtu anayepima mizani: 1468 inajibu, 1469 kimya. Baiti 1 tu.

Sasa sikiliza hesabu, maana hakuna aliyenifundisha. Pingi ya kawaida ya Windows inabeba baiti 32 tu. Ile ya ruta za Cisco ni baiti 100. Hizo zinapita popote. Lakini seva ikianza kumwaga ukurasa inatuma pakiti za baiti 1500, na kila lebo ya MPLS inaongeza baiti 4. VPN ya leya ya 3 inabeba lebo mbili: ya nje inayoifikisha pakiti kwenye ruta ya Moshi, na ya ndani inayoiambia ruta ya Moshi huyu ni mteja gani. Kwa hiyo 1500 inakuwa 1508. Ongeza kichwa cha Etheneti baiti 14 na mkia wake baiti 4, fremu, yaani kifurushi kizima kinachopita wayani, inafika 1526. Swichi ya Usa River ilikuwa inakubali mwisho 1522.

Na hapa ndipo paliponifunga macho. Ruta ya Moshi huwa inamwomba jirani yake wa Boma aivue ile lebo ya nje kabla ya kumpa pakiti, ili yeye asifanye kazi mara mbili. Ruta ya Arusha nayo inamwomba Boma vivyo hivyo. Maana yake, pakiti inayotoka Moshi kwenda Arusha inapita Usa River ikiwa na lebo moja tu: 1522, inapita. Inayotoka Arusha kwenda Moshi inapita pale pale na lebo mbili: 1526, inatupwa. Upande mmoja mzima, upande mwingine maiti. Ombi la mhudumu lilikuwa linafika kwenye seva kila mara, jibu ndilo lilikuwa linafia Usa River. Zilizokosekana ni baiti 4, lebo moja.

Utasema, mbona ruta haikulalamika? Kwenye konfigi za mwalimu kulikuwa na mstari unaoiruhusu ruta kutoa pakiti yenye lebo hadi baiti 1508. Nilibandika bila kujua unafanya nini. Bila mstari ule, ruta ya Arusha ingeona yenyewe kwamba 1508 haiingii kwenye 1500, ingeirudishia seva ujumbe wa ICMP kwamba ipunguze pakiti, na watu wangehudumiwa. Mstari ule ulimfunga mdomo pekee aliyejua kusema. Swichi haijui habari za IP. Fremu ikizidi inaidondosha, inaendelea na kazi. Hata jibu la pingi linakuonyesha tofauti hiyo: ukiambiwa pakiti inahitaji kukatwa, ujue kuna ruta au mashine imesema. Ukipata kimya kitupu, tafuta swichi.

Jioni ile nilishusha ukubwa wa mzigo wa TCP (inayobeba kurasa) kwenye intafesi, yaani mlango wa ruta, inayomwangalia mteja hadi 1456, ambayo ni 1496 (ile 1468 na vichwa vyake 28) ukitoa vichwa viwili vya baiti 20, na kurasa zikafunguka papo hapo. Dawa ya dakika mbili! Lakini Jumanne chama kilirudi kwenye laini zake za zamani, na barua ya kuvunja mkataba ikaja wiki hiyo hiyo. Chama sikukilaumu hata siku moja.

Mwalimu ndiye ninayemlaumu. Alikuwa hapa hapa Arusha, chumba cha juu, viti vya plastiki, laki tatu na nusu kwa wikendi sita. Alikuwa na msemo wake: "Pingi ikijibu, beba begi nenda nyumbani." Tulicheka, tukauandika. Wikendi zote sita hakutuonyesha pakiti moja kwa macho, hakutaja ukubwa wa fremu, hakuweka kifaa kimoja kidogo katikati ili tuone kitu kikifa. Maabara yake yote ilikuwa ruta za kwenye kompyuta zilizounganishwa kwa waya wa kufikirika, na tulizipima kwa pingi ndogo tu, kwa hiyo kila zoezi lilifaulu. Mtu unayelipwa kufundisha watu watakaogusa pesa za wajane huwezi kuwapa mistari ambayo hujui inafanya nini. Anayetaka kunicheka acheke, lakini aje kwanza na matokeo ya 1472 kutoka kwa mteja wake wa mwisho. Wengi humu hawana.

Kwa hiyo mkuu, shika hili hata kama mengine yote utasahau: hakuna kumwambia mteja "tayari" mpaka pakiti ya baiti 1500 isiyoruhusiwa kukatwa imetoka kwenye mashine ya mteja upande huu, ikafika kwenye mashine ya mteja upande ule, ikarudi. Kutoka kwenye mashine ya mteja, si kutoka kwenye ruta yako. Kisha rudia ukianzia upande wa pili, maana jibu linaporudi si lazima libebe katazo la kukatwa, na ruta inaweza kulikata kimyakimya ukadhani njia ni pana. Windows na Linux zinahesabu mzigo tu, hivyo andika 1472. Cisco inahesabu pakiti nzima, hivyo andika 1500. Mimi sasa naandika matokeo kwenye karatasi, mteja anasaini, nakala naondoka nayo.

Kuhusu mazoezi: GB 8 zinatosha kabisa ukitumia FRRouting (programu inayogeuza kompyuta kuwa ruta) juu ya Linux, ambayo inaelewa lebo tangu keneli (kiini chake) ya 4.1 ya mwaka 2015. Weka ruta tatu kama zetu, Arusha, Boma, Moshi. Usiweke mteja kwanza. Washa Wireshark (programu ya kuonyesha pakiti) kwenye kila waya, tuma pakiti moja, isome. Utaiona lebo ina biti 32: 20 za namba, 3 za daraja la huduma, 1 inayosema kama hii ndiyo ya chini kabisa, 8 za uhai wa pakiti. Kisha weka mteja, tuma pakiti yake kutoka Arusha kwenda Moshi: kati ya Arusha na Boma zihesabu mbili, kati ya Boma na Moshi iwe imebaki moja. Ukishaiona kwa macho yako, punguza makusudi ukubwa wa fremu unaokubaliwa kwenye waya wa Arusha–Boma, ung'ang'ane mpaka uiue pakiti upande mmoja tu kama nilivyouawa mimi.

Lupbaki zako (anwani za ruta zenyewe, zisizotegemea waya wowote) ziwe /32, yaani anwani moja tu. Ukiweka /24, kundi zima la anwani, OSPF ya Cisco (inayotangaza njia ndani ya mtandao wenu) kwa kawaida inaitangaza kama /32 huku LDP ikitoa lebo ya /24, Boma anakosa lebo ya kumfikisha Moshi, na pakiti ya mteja inakufa kwake wakati ruti zote zinaonekana nzuri. Ugonjwa ndugu na ule wangu: kila kitu kijani, mteja analia. Na kwenye ruta za Cisco, ukiiingiza intafesi kwenye VRF anwani yake ya IP inafutika. Usifanye hivyo ukiwa Moshi kwenye ruta iliyoko Same kupitia intafesi hiyo hiyo.

VPN ya leya ya 2 au ya 3? Ukienda ya 2 hesabu inakaza zaidi, kwa sababu unabeba na kichwa cha Etheneti cha mteja, baiti 14 nyingine ndani ya lebo, na 4 zaidi akiwa na VLAN yake (alama ya kugawa mtandao wake). Halafu mwambie bosi wako asiwadanganye wateja kwamba VPN ya lebo imefichwa kwa siri. Haisimbi chochote, inatenganisha ruti tu, na anayeshika faiba katikati anasoma. Mteja wa pesa akitaka usiri, weka IPsec (inayosimba pakiti) juu yake, nayo inakula baiti zake, kwa hiyo unarudi kulekule kwenye 1500 kupima upya.

Cha kusoma ni hati za viwango vya intaneti: RFC 3031 ya mwaka 2001 (MPLS) na RFC 4364 ya mwaka 2006 (VPN ya leya ya 3). Ni bure, na ndiko walikotoa wote wanaokuuzia.

Usiku huu jenga hizo ruta tatu, bana waya wa Arusha–Boma, halafu tuma hapa namba mbili: ya mwisho iliyopita na ya kwanza iliyokufa. Na uniambie nani katikati ana swichi kati yenu na mteja wa kwanza, kabla bosi hajapanga tarehe.