Maswali ya Wasomaji: Maharaja wa Baroda na Kivuli cha Mwingereza

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kila nikipita mbele ya Benki ya Baroda hujiuliza Baroda ni wapi. Mjukuu wangu ameniambia kuwa ilikuwa nchi ya maharaja aliyekuwa chini ya Waingereza. Je, mtu wa namna hiyo alikuwa mtawala kweli, au alivikwa kilemba cha ukoka tu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mjukuu wako amekuambia kweli. Baroda, ambayo leo huitwa Vadodara, ni mji wa Gujarat, magharibi mwa India, na ulikuwa makao ya watawala wa ukoo wa Gaekwad. Benki hiyo ilianzishwa huko mwaka 1908 na Maharaja Sayajirao wa Tatu, nayo ikafungua matawi Mombasa na Kampala mwaka 1953, miaka 14 baada ya kifo chake.

Ama kuhusu mamlaka yake, hatuna budi kuanza na jinsi alivyokipata kiti. Mtangulizi wake, Malhar Rao, alishtakiwa mwaka 1875 kuwa alijaribu kumtilia sumu Kanali Phayre, aliyekuwa Rezidenti, yaani mwakilishi wa serikali ya Kiingereza aliyekaa hapo hapo mjini kuchunga mwenendo wa mtawala. Cheo ambacho Unguja nayo ilikuja kukijua. Katika tume iliyomhukumu, wajumbe watatu Waingereza walimwona ana hatia, lakini wenzao watatu Wahindi hawakukubali kwamba shtaka limethibitika. Serikali ilimwondoa hata hivyo, kwa hoja ya utawala mbaya, ikampeleka uhamishoni Madras. Ndipo Jamnabai, mjane wa mtawala aliyemtangulia Malhar Rao, aliporuhusiwa kumfanya mwanawe mvulana wa miaka 12 wa tawi la mbali la ukoo huo, kutoka kijiji cha Kavlana. Huyo ndiye Sayajirao, aliyekabidhiwa madaraka kamili mwaka 1881.

Basi alikua akijua kwamba aliyempa kiti aweza kumwondoa. Vita na uhusiano na nchi nyingine havikuwa mikononi mwake. Lakini shule zilikuwa mikononi mwake, na hapo ndipo ninapomheshimu kwa dhati: mwaka 1893 alianza katika sehemu moja ya nchi yake, Amreli, kuwasomesha watoto bure na kwa lazima, na kufikia 1906 sheria hiyo ilienea Baroda nzima, wasichana wakiwamo. Katika maeneo yaliyotawaliwa na Waingereza wenyewe, Gokhale, mwanasiasa Mhindi, alipeleka barazani mswada wa elimu ya lazima mwaka 1911, nao ukakataliwa. Mwenye nguvu zote alishindwa kufanya alichofanya mwenye nguvu nusu. Au, niseme wazi, hakutaka.

Desemba ya mwaka huo huo, Mfalme George wa Tano aliwakusanya watawala Delhi wamsujudie. Sayajirao, aliyestahili kupigiwa mizinga 21, cheo cha juu kabisa cha heshima, aliinama mara moja tu, kisha akageuka na kumpa mfalme mgongo. Magazeti ya Uingereza yalichachamaa, naye akamwandikia Gavana Mkuu Hardinge kuomba radhi. Wako wanaomlaumu kwa barua hiyo. Mimi simlaumu, kwa kuwa yaliyompata Malhar Rao yangeweza kumpata naye, na shule zile zingekosa mlinzi.

SWALI: Je, ni yeye aliyemsomesha Dakta Ambedkar?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndiye. Mwaka 1913 Sayajirao alimpa Ambedkar, ambaye baadaye aliongoza uandishi wa katiba ya India, msaada wa pauni 11 na nusu kwa mwezi, kwa miaka mitatu, akasome Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa sharti kwamba baadaye ataitumikia Baroda. Ambedkar alirejea mwaka 1917 kutimiza ahadi. Kwa kuwa alizaliwa katika tabaka lililohesabiwa kuwa najisi, matarishi wa ofisini walimtupia mafaili kwa mbali wasije wakamgusa, na hakuna aliyekubali kumpangisha nyumba. Alijificha katika nyumba ya wageni ya Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, akijifanya mmoja wao, mpaka watu wenye fimbo walipokuja kumfukuza. Maharaja aliyeweza kumpeleka New York hakuweza kumpatia chumba katika mji wake mwenyewe, na katika hilo hakuna Mwingereza aliyemzuia.