Hojaji nayo ina gharama yake

Siku ya tatu ya kazi, pale Mishomoroni, msaidizi wangu alimsomea mzee mmoja swali la kwanza kabisa kwenye hojaji: "Kaya yenu ina watu wangapi?" Mzee alikuwa ameketi juu ya kigoda akichonga mpini wa jembe. Akasimamisha kisu.

"Kaya yetu?" akauliza. "Kule hakai mtu siku hizi. Wazee huenda wakatambika, wakarudi."

Msaidizi wangu, kijana wa bara mwenye bidii sana, akaandika sifuri.

Ile sifuri niliiona usiku nikikagua fomu. Mwanzoni nilidhani kidole kimeteleza. Kisha nikakumbuka nilipo. Kwenye Kiswahili cha vitabu, kaya ni watu wa nyumba moja. Kwa Mijikenda, wenyeji wa pwani hii, kaya ni makao ya kale ya mababu ndani ya msitu, yale ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mimi nimezaliwa Mombasa hii hii na nayajua yote hayo. Lakini kulijua jambo na kulijaribu kwenye fomu ni mambo mawili, na tulikuwa tumeshahoji watu zaidi ya mia. Wangapi walituelewa na wangapi walitujibu kwa adabu tu, sikuweza kujua tena. Tulirudi nyumba kwa nyumba, na nauli ikatoka mfukoni mwangu.

Sababu ilikuwa pesa, na mkosaji nilikuwa mimi. Kwenye pendekezo la kwanza la kuomba pesa za utafiti huu niliandika kipengele cha majaribio ya hojaji. Siku mbili kabla ya kulituma, jumla ikanitisha. Nikatafuta pa kupunguza, nikapaona pale. Sikutaka kugusa tableti, wala posho, wala warsha ya kuzindua matokeo yenye chai na sambusa. Nikakata majaribio, nikajiambia tafsiri imeshakaguliwa.

Na kweli ilikuwa imekaguliwa. Tulifanya tafsiri rejeshi: mtu mmoja alitoa maswali kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, mwingine, asiyeyaona ya asili, akayarudisha Kiingereza. Yakarudi safi kama yalivyokwenda. Hapo ndipo wengi hujiona wamemaliza kazi. Lakini wafasiri wote wawili walisoma Kiswahili kile kile cha shule, kwa hiyo kosa moja walilivuka kwa daraja moja, kwenda na kurudi. Tafsiri rejeshi hupima kama wafasiri wawili wanaelewana. Mzee wa Mishomoroni hayumo kwenye mazungumzo hayo.

Kinachomwingiza ni mahojiano ya kupima maswali. Unakaa na mtu, unamsomea swali, anajibu, kisha unamwambia: "Hebu nieleze kwa maneno yako, hapa nimekuuliza nini?" Halafu unanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, maana msaidizi mzuri hupenda kusaidia. Nilijifunza hilo Likoni, karibu na feri, kwa mama anayeuza viazi karai. Tulimuuliza kama ana kazi. Akasema hana. Mafuta yanachemka mbele yake, wateja wawili wamesimama na pesa mkononi, anageuza viazi kwa kijiko cha matundu, na kazi hana! Nikamuomba anieleze swali. "Umeniuliza kama nimeandikwa pahali," akasema. "Mimi nauza tu."

Shirika la Kazi Duniani humhesabu mtu kuwa ana kazi hata akiwa ameifanya saa moja tu ndani ya wiki inayopimwa, kwa malipo au faida. Kwa kipimo hicho mama yule anafanya kazi kuliko mimi. Tukalibadilisha swali: "Wiki iliyopita, ulifanya jambo lolote la kukuingizia pesa, hata kidogo?" Mabadiliko hayo yaligharimu nauli ya tuktuk, asubuhi moja, na viazi tulivyokula. Bila hayo, wanawake wengi wa Likoni wangekuwa "hawana kazi" kwenye ripoti yetu, na mtu fulani angeipangia sera.

Saa nazo, usisahau. Saa mbili ya mhojiwa ukiiingiza kwenye tableti kama 2:00, umemwamsha usiku wa manane.

Sasa pesa zenyewe. Usiandike "maandalizi ya vifaa", maana neno hilo linakaribisha mkasi. Andika kitakachofanyika na kitakachotoka: mahojiano 20 ya kupima maswali, duru mbili, siku nne, katika Kisauni na Likoni, na mwisho wake ni hojaji iliyorekebishwa pamoja na maelezo mafupi ya kila swali lililobadilishwa na sababu yake. Hapo msomaji wa pendekezo anaona kitu cha kushikika. Mimi hutenga shilingi moja katika kila kumi za kazi ya uwandani. Ni kipimo changu tu, hakikuandikwa popote. Na duru ziwe mbili kweli, kwa sababu swali ulilolirekebisha ni swali jipya, nalo halijajaribiwa.

Kwingine, kazi ya kuboresha mbinu kama hizi ina nyumba yake. Uingereza, baraza lao la utafiti wa jamii, ESRC, lilianza mwaka 2004 kufadhili Kituo cha Taifa cha Mbinu za Utafiti, chenye makao Chuo Kikuu cha Southampton. Huku kwetu Kenya kuna Mfuko wa Taifa wa Utafiti, uliotokana na sheria ya mwaka 2013, na CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1973, imekuwa ikiendesha mafunzo ya mbinu kwa watafiti wa Afrika. Fuatilia matangazo yao. Lakini nikwambie ukweli wangu: pesa za mbinu peke yake sijawahi kupata hata siku moja. Zote nilizopata zilikuwa zimepanda mgongoni mwa mada nyingine, afya au maji au ajira, na wala sioni haya.

Mfano ni ile njia ya kuwafikia watu waliofichika, ambapo mhojiwa hupewa kuponi chache awaletee wenzake, kisha mtafiti hupiga hesabu ya nani alimleta nani. Mwanasosholojia wa Marekani, Douglas Heckathorn, aliieleza mwaka 1997, na ilizaliwa ndani ya mradi wa kuzuia Ukimwi kwa wanaojidunga dawa za kulevya huko Connecticut, Marekani. Hapa Mombasa, ambapo unga wa kulevya umemaliza vijana wetu mitaani na hakuna orodha yao popote ya kuchagulia sampuli, mtu anayetaka kuiboresha njia hiyo asiombe pesa za nadharia ya sampuli. Aombe za kuwafikia vijana hao, na ndani yake aweke wazi gharama ya kujaribu kuponi: ngapi kwa mtu, malipo gani, na nani atamhoji nani.

Programu isikule pesa. Kobo na ODK, programu za kukusanyia majibu kwa tableti, zinatosha kwa kazi zetu nyingi, na kompyuta ya kawaida itazibeba. Pesa nenda ukamlipe mtu anayezungumza Kigiriama, Kidigo au Kiduruma, na umlipe kabla ya hojaji kufungwa. Watafiti wengi humwita siku ya mafunzo, amekuja kusomewa maswali ambayo hana ruhusa ya kuyagusa.

Na majaribio pia ni utafiti. Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, viwe mkononi kabla ya mhojiwa wa kwanza, na mzee wa mtaa apewe salamu zake mapema. Ukirekodi sauti, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu.

Mradi uliofuata nilirudi Mishomoroni kwa majaribio, safari hii yamo kwenye bajeti. Mzee yule yule, kigoda kile kile. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikamuuliza: "Hapa nyumbani, mnaokula chungu kimoja ni wangapi?"

Akahesabu kwa vidole, akafika tisa, akasita.

"Na yule binti yangu aliye Saudia," akasema, "anayetuma pesa za huo unga wa chunguni, nimhesabu?"

Nikafungua daftari. Ilikuwa duru ya kwanza bado.