Trekta la Bustani Linazimika Likiingia Nyasi Nzito? Vuta Choki Kwanza

Masika yakishika, Aprili na Mei, nyasi za Mombasa hazina adabu. Ndipo trekta la bustani linapoanza visa: uani linanguruma vizuri, lakini ukishusha visu na kuingia palipoota hasa, linahema, linapoteza nguvu, linazimika. Ukilipumzisha, linawaka tena kana kwamba halikufanya lolote.

Nimezishughulikia sana mashine hizi katika nyumba na hoteli za upande wa Nyali na Shanzu, na mimi humwambia mwenye mashine hivi: usinunue kitu bado. Mara nyingi ameshaambiwa na mtu anunue kabureta mpya, au plagi, au vyote viwili.

Asikudanganye mngurumo wa uani. Kabureta ina njia zaidi ya moja ya kupitisha petroli. Ile nyembamba huilisha injini ikiwa imetulia. Mzigo ukija, gavana, yaani kidhibiti kasi cha injini, hufungua koo la kabureta ili kasi isishuke, na hapo anayelisha ni jeti kuu, kile kitundu kikuu cha petroli. Jeti hiyo ikiziba nusu, injini itatulia raha mustarehe mpaka siku ya kazi.

Basi ingia kwenye nyasi, na injini ikianza kulegea, vuta choki kidogo, ili hewa ipungue na petroli izidi. Ikipata nguvu, ina njaa ya petroli. Ikizidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, petroli inayo ya kutosha. Kagua chujio la hewa, kisha plagi na koili inayoipa cheche.

Tuseme imepata nguvu. Hata hivyo usikimbilie bisbisi. Legeza mfuniko wa tangi, ukate nyasi tena. Mfuniko una kitundu cha kuingizia hewa, nacho huzibwa na vumbi na vipande vya nyasi. Kikiziba, petroli hukwama tangini na injini hufa baada ya muda wa kazi. Nimeona watu wakilipia kabureta zima kwa kosa la kitundu hiki.

Pili, injini ikiwa imepoa na pasiwe na mvuta sigara karibu, chomoa mpira wa petroli upande wa kabureta na uuelekeze kwenye chupa. Kama tangi liko juu na hakuna pampu, petroli iteremke mfululizo. Ikidondoka matone, chujio limeziba au mpira umeoza kwa ndani.

Halafu maji. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na tangi linalokaa nusu tupu hukusanya maji ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, mahali penyewe injini inapovuta. Mwaga petroli ya bakuli la kabureta kwenye gilasi ya kuonea, uiache itulie. Ukiona tabaka au vitone vinavyobingirika chini, safisha tangi nalo, si kabureta peke yake.

Jeti kuu iko katikati ya bakuli hilo. Usiizibue kwa waya wa chuma: ni shaba laini, tundu likipanuka injini italewa petroli milele. Mimi hutumia kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia, ambao hapa haukosekani, kisha upepo kutoka kwa fundi wa pancha.

Sasa tazama namna inavyokufa. Njaa ya petroli huua polepole. Injini ikikatika ghafla kama taa, shuku umeme. Trekta nyingi zina swichi chini ya kiti: visu vikizunguka na dereva akiinuka, injini hukatwa kwa usalama wake. Swichi ikichoka, au kiti kikilegea, kila shimo la uwanjani ni kifo. Itengeneze, usiifunge waya ili "isisumbue", visu vile havina huruma na mguu. Koili nayo hugoma ikipata moto, kwa hiyo pima cheche papo hapo injini ilipozimika. Ukisubiri ipoe utaikuta nzima.

Na pengine injini haina neno. Chomoa waya wa plagi, kisha uvae glavu na uzungushe visu kwa mkono. Vikikwaruza au kugoma, beringi zimeliwa na kutu, jambo la kawaida kwa mashine inayolala karibu na bahari. Nyasi mbichi zilizoganda chini ya sitaha, lile bati linalofunika visu, ni mzigo pia, zikwangue. Na baada ya mvua, inua visu juu, ukate kwa awamu mbili.

Yote haya yakiwa sawa na bado haina nguvu, mwambie fundi arekebishe nafasi za valvu na apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Ikiwa kompresheni iko chini na sailensa inatoa moshi wa buluu, ulizia bei ya ringi za pistoni na kazi yake kabla ya kutoa hata shilingi ya kabureta.