Maswali ya Wasomaji: Kompyuta inalia tu tangu iongezwe RAM

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaendesha duka la steshenari hapa Nyegezi, Mwanza, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo wanaoleta tafiti zao kuchapishwa. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda) moja ya aina ya DDR3 yenye 4GB, na kwa kuwa ilikuwa nzito mno kila nilipofungua faili kubwa, nilinunua mjini RAM nyingine iliyotumika, ya 8GB. Nilipoichomeka pembeni ya ile ya zamani na kuwasha, feni ilizunguka, monita ikabaki nyeusi, na mashine ikawa inalia milio mitatu mitatu. Nimeitoa mpya na kubakiza ya zamani, lakini inalia vilevile. Fundi aliyeiangalia anasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, ninunue nyingine, na kwamba Windows itabidi iwekwe upya. Kazi za wanafunzi zimo humo na baadhi yao wanatakiwa kuzikabidhi wiki ijayo. Stika ya RAM mpya imeandikwa “8GB 2Rx4 PC3-12800R”. Nifanye nini? (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hilo linalokunyima usingizi. Kazi za wanafunzi haziko kwenye RAM, ziko kwenye diski, na hakuna chochote katika maelezo yako kinachoonyesha kwamba diski imeguswa na tatizo hili. RAM hushika kile tu kinachofanyiwa kazi wakati mashine imewaka, na umeme ukikatika husahau yote. Kwa hiyo usikubali mtu yeyote aifute diski hiyo au aweke Windows upya kwa ajili ya hitilafu ya RAM. Kama kuna mwanafunzi asiyeweza kusubiri, mwombe fundi aifungue diski, aichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB wa kusomea diski, na anakili mafaili yanayohitajika mbele ya macho yako.

Fedha ya mazabodi nayo ishikilie kwanza. Milio unayoisikia hutokana na BIOS, yaani programu fupi iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi, ambayo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, huanza kuisoma mara tu unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kabla RAM haijaanza kutumika. Ili milio hiyo itoke kwa mpangilio, ni lazima umeme ufike, prosesa ifanye kazi na mazabodi iwe hai kwa kiasi kikubwa. Maana ya idadi ya milio hutofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, lakini milio iliyoanza dakika ileile RAM ilipobadilishwa karibu kila mara inalalamikia RAM.

Sasa tuitazame stika, na nakushukuru sana kwa kuinakili yote, maana jibu limo humo. Herufi ya mwisho, R, inaonyesha kwamba RAM hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya seva, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia kompyuta nyingine kwenye mtandao. Katikati yake kuna chipu ya ziada inayopokea amri kutoka kwa prosesa na kuzigawa kwa chipu nyingine, na kompyuta ya kawaida ya mezani haijui kuzungumza na chipu hiyo. Ukitaka kujiridhisha, ishike karibu na dirisha uhesabu chipu nyeusi za pande zote mbili: RAM ya kawaida ya 8GB ya aina hii kwa kawaida huwa na 16, ila hiyo yako itakuwa na idadi inayogawanyika kwa tisa, pamoja na ile moja ya pekee katikati. Kinachowaponza watu wengi ni kwamba zote mbili zina pini 240 na mkato wake uko mahali pamoja, hivyo ya seva huingia kwenye sloti, yaani tundu la kuchomekea RAM, ya kompyuta ya mezani bila kugoma. Seva zikistaafishwa ng’ambo, RAM zake huletwa pamoja na mitumba mingine ya kompyuta na kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Hiyo yako inawezekana kabisa ni nzima, ila haikutengenezwa kwa mashine yako.

Limebaki swali gumu zaidi: kwa nini ya zamani nayo imekataa? Ninavyoona, haikukaa sawasawa ulipoisogeza, au uchafu umeingia kwenye sloti. Steshenari iliyo kando ya barabara hukusanya vumbi, na huku kwetu ziwani hewa ni ya unyevu, na wale wadudu wadogo wanaofuata taa usiku huvutwa na feni hadi ndani. Nimewahi kufungua kompyuta moja ya Kirumba nikakuta bawa la mdudu limelala ndani ya sloti ya RAM.

Chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuua RAM bila wewe kuhisi chochote. Toa RAM zote. Chukua ufutio mweupe wa penseli, sugua taratibu zile pini za rangi ya dhahabu pande zote mbili hadi zing’ae, na upanguse mabaki kwa kitambaa kikavu. Sloti yenyewe isafishe kwa brashi laini, kamwe usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mate ni unyevu. Tafuta pia betri bapa ya duara, CR2032, iondoe kwa dakika tano na kuirudisha, ili BIOS isahau mipangilio ya RAM iliyoishika. Kisha chomeka ile ya 4GB peke yake katika sloti ya kwanza, ukibana ncha zote mbili kwa dole gumba mpaka vishikio vijifunge vyenyewe na usikie “tak”. Hapa ndipo wengi huogopa kubana na RAM ikabaki imeinama upande mmoja. Ikikataa, ihamishie sloti ya pili. Ikikataa huko pia, mwombe fundi ajaribu RAM nyingine iliyo nzima kabla hamjazungumzia mazabodi tena.

RAM ya seva mrudishie muuzaji kwa upole, huenda naye hakuitambua herufi ile, na umwombe akubadilishie na yenye maandishi “8GB 2Rx8 PC3-12800U”. Hiyo U ndiyo ya kompyuta za mezani. Ukiona S, ni ya kompyuta mpakato na haitaingia.

Mashine ikishawaka na RAM zote mbili, fungua maelezo ya mfumo ndani ya Windows. Ikiwa Windows hiyo ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya 4GB hata ukiongeza kiasi gani, na hapo tu ndipo kuweka Windows nyingine, ya biti 64, kutakuwa na sababu, baada ya kunakili kazi zote za wanafunzi mahali pengine.