Kufuga Chura Nyumbani: Mwache Uani, Mtunzie Maji

Wanaoniuliza habari za kufuga chura karibu wote huanza na chombo. Beseni au boksi la kioo? Sisi tunaokaa Mtwara na Lindi, kwenye nyumba zenye ua, pipa la maji na kivuli cha mwembe, chombo hatukihitaji. Mtengenezee chura mahali pazuri uani, naye atakaa mwenyewe. Jioni atatoka, utamwona anavyowinda, atakuzoea hata usipite kwa kunyata, na hutakuwa na kazi ya kumsakia mende kila siku.

Namzungumzia yule chura mkubwa wa nchi kavu, mwenye mabaka ya kahawia na vipele mgongoni, anayekuja chini ya taa ya nje mvua zikianza. Jike hufika sentimita 10 na kuzidi. Dume ni mdogo kidogo, na ndiye anayekoroma usiku kucha madimbwini. Huyu anaweza kuishi na watu. Vyura wadogo wa msituni, wa msitu wa Rondo mkoani Lindi na wa misitu ya pwani, ambao wengine hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya tundu la mti au kombe la konokono, waacheni hukohuko. Ua wako hauwezi kuwapa wanachokihitaji.

Wa kwangu anakaa nyuma ya pipa. Nimemlazia chungu kilichopasuka mdomo, nusu yake nimeifukia ardhini, ndani nikaweka makumbi ya nazi na majani makavu. Upande ule jua halifiki, na maji yanayomwagika tukichota huweka udongo unyevu. Mchana kutwa yumo humo, macho yameangalia nje. Hahitaji zaidi ya hapo: giza, ubichi, na njia ya kutoka bila kukanyagwa.

Maji ndiyo yenye mambo. Chura hanywi kwa mdomo. Hujilaza kwenye unyevu, na ngozi ya tumbo na mapajani ndiyo inayovuta maji. Kwa hiyo chochote kilichomo kwenye maji kinaingia mwilini mwake. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yaweke kwenye ndoo wazi mchana na usiku kabla ya kumpa. Ya visima vya karibu na bahari, yale yenye chumvichumvi, usimpe kabisa. Ya mvua yanapita yote. Tumia sinia au bakuli bapa, maji yasimpite mabega akiwa amekaa, na yabadilishe kila siku, kwa sababu humohumo ndimo anamojisaidia. Ukiwa na karai au ndoo zenye maji uani, egemeza kipande cha ubao ndani au zifunike. Anajua kuogelea, lakini kuta za plastiki zinateleza, atahangaika mpaka achoke afe.

Halafu chumvi. Huku kwetu chura akiingia ndani, mkono wa kwanza unakwenda kwenye kopo la chumvi. Naomba sana tuache. Chumvi inamnyonya maji kupitia ngozi ileile anayoitumia kunywea, na kifo chake si cha haraka. Akiingia ndani, mfunike na kopo, pitisha kadibodi chini, mtoe nje. Haichukui hata dakika.

Bibi wa nyumba ya pili alipomwona wa kwangu kwa mara ya kwanza alisimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Mjukuu wangu, huyo si bure. Katumwa huyo."

"Shikamoo bibi. Huyu ni wa hapahapa, anakula mende wa chooni."

"Na wa chooni kwangu?"

"Na wa kwako, usiku anapita hukohuko."

Alikaa akamtazama mpaka akamwona akimmeza mende mmoja mzima, miguu ikiwa bado inachezacheza nje ya mdomo. Tangu hapo anamsema vizuri kwa wengine. Ukitaka kufuga chura mtaani, zungumza na majirani mapema, hasa wazee. Usimfiche, maana kitu kilichofichwa ndicho kinachozua maneno ya uchawi. Waeleze pia kwamba chunjua haziletwi na chura. Zinatokana na kirusi kinachoambukizwa na watu wenyewe.

Ukiwa na nafasi, kaa umtazame akila. Kwanza anageuza mwili wote kuelekea mdudu. Anainama. Kidole kirefu cha mguu wa nyuma kinaanza kutetemeka. Ulimi unatoka na kurudi hata hujauona, kisha anafumba macho na yanazama chini, kwa kuwa macho yenyewe husaidia kusukuma chakula kooni. Kitu kisichosogea hakioni kama chakula, ndiyo maana kumwekea wali, ugali au kipande cha samaki ni kujisumbua. Anataka mende, panzi, nyenje, mchwa, minyoo, tena wa kuchanganya. Siku kumbikumbi wanapotoka, washa taa iliyo chini ukutani umwachie karamu.

Kuna jambo moja la mikoa yetu hii. Kuanzia Juni hivi mpaka Septemba tunapuliza mikorosho salfa na dawa nyingine kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, na wadudu. Usiokote panzi mashambani kipindi hicho ukamletea chura, na kama una mikorosho karibu na nyumba, hamisha sinia lake la maji kabla bomba la kupulizia halijawashwa. Vilevile dawa ya mende ndani ya nyumba. Mende aliyepuliziwa huyumbayumba, na kwa chura kinachoyumba ndicho kinachoonekana vizuri kuliko vyote. Ukiamua kufuga chura, dawa ya kupuliza uani iache.

Kumshika si lazima, na mimi simshiki ila kuna sababu. Mikono iwe imelowa maji safi, bila losheni wala mabaki ya sabuni. Usimbane, kwa sababu akiogopa hutoa mkojo, na mkojo ule ndio akiba yake ya maji wakati wa ukavu. Nyuma ya macho ana tezi mbili zilizovimba, zenye utomvu mweupe wa sumu. Haukurukii ukimwacha kwa amani, lakini usijiguse macho wala mdomo kabla hujanawa kwa sabuni, na watoto uwasimamie. Mbwa akimng'ata, povu litamtoka. Mwoshe mdomo kwa maji yanayotiririka, kichwa kikiwa kimeelekea chini ili asiyameze, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kuna siku utamwona akila ngozi yake mwenyewe, na usishtuke. Anapinda mgongo, anajikuna ubavu, kisha ngozi ya juu inaanza kuvuka naye anaivuta mdomoni kwa mikono yote miwili, kama mtu anayevua fulana iliyolowa. Anaimeza yote. Baada ya hapo anang'aa.

Kumfungia ndani nakubali akiwa na jeraha tu, mpaka apone. Boksi liwe na udongo usio na mbolea, pa kujificha, sinia la maji, na juu wavu wa dirisha. Usitumie chandarua chenye dawa hata kipande. Dawa inayoua mbu inamdhuru na yeye. Zaidi ya hapo, kukamata na kumiliki wanyamapori kuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo mwenye nia ya kuweka vyura kwenye vizimba aanzie kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri yake.

Wala usimtoe chura wa Newala ukamleta Mtwara mjini. Upo ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura na kusafiri nao. Vyura wadogo wa maporomoko ya Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, waliogunduliwa mwaka 1996, walikumbwa na kupungua kwa maji ya maporomoko baada ya bwawa la umeme kujengwa, na kuvu huo nao ukaonekana kwao. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Wamebaki kwa sababu wengine walikuwa wamepelekwa kuzalishwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, ndipo wakaanza kurudishwa.

Mvua zikikata mwezi wa tano, wako atapotea. Usimfukue. Amejichimbia, na ukiendelea kumwagia maji kidogo pale kwenye chungu jioni, baadhi ya usiku utamkuta nje. Mvua zinaporudi, kati ya Novemba na Desemba, atatoka kwa fujo na huenda akaondoka kabisa kwenda kwenye madimbwi kuzaliana. Mwache aende, chungu kibaki palepale na sinia liwe na maji.

Na ukihama nyumba, usimbebe. Mwonyeshe mpangaji anayeingia chungu kilipo, mwambie maji ya sinia hubadilishwa kila siku, na kwamba hapo nyuma ya pipa hapamwagwi chumvi wala jiki.