Kwa mnaoanza kufunga taa za halojeni za rangi

Wadogo zangu mnaoingia kazi ya umeme hapa Bukavu, kuna siku nzima niliyoipoteza katika ukumbi mmoja wa harusi kule Kadutu, nami sitaki muipoteze ya kwenu. Tulifunga taa ndogo za halojeni za volti 12, zote za wati 35: nyekundu, njano na bluu. Za bluu zikawa kama zinakata roho. Nilibadilisha transfoma, nikafungua viungio vya waya kimoja kimoja, nikapima: 12 kamili. Jioni fundi aliyenifundisha akabandua kioo cha mbele cha taa moja ya bluu. Mwanga mweupe ukajaa ukutani.

Uzi wa tangsteni, ule wa metali unaowaka ndani ya balbu, ni uleule katika taa zote. Ukifika karibu nyuzi joto 2,700 za Selsiasi hutoa mwanga wenye wekundu mwingi na ubluu kidogo mno. Gesi ya halojeni, mara nyingi bromini, haitii rangi. Hurudisha kwenye uzi mvuke wa tangsteni ili balbu isiwe nyeusi. Rangi inatoka kwenye kile kioo cha mbele, chenye tabaka nyembamba sana zilizopangwa moja juu ya nyingine. Unene wake ndio unaoamua mwanga upi upite na upi urudishwe ndani. Kioo cha bluu kinapitisha ule ubluu kidogo, basi. Kwa hiyo wekeni bluu wati nyingi zaidi, au taa mbili pale nyekundu inapotosha moja. Na jioni umeme ukishuka, uzi hupoa, bluu ndiyo inayoumia kwanza.

Sokoni, geuzeni kioo pembeni kidogo: cha tabaka kitabadilika rangi. Kilichopakwa rangi tu hakibadiliki, nacho humeza joto hadi rangi ipauke. Mimi sikinunui.

Jambo ninaloliogopa zaidi ni joto. Kikombe cha nyuma kinachoizunguka balbu nacho mara nyingi kina tabaka kama hizo: kinatupa mwanga mbele, kinaachia joto jingi litokee nyuma, juu ya dari ambako hamuoni. Dari zetu nyingi ni za mbao na tripleksi (plaiwudi). Acheni nafasi nyuma ya kila taa, na kabla ya kufunga dari pandeni ngazi mhakikishe hakuna waya uliolalia kikombe.