Wadogo zangu mnaotaka kua viungo wa mpira, wale wa katikati ya uwanja, hebu kaeni hapa niwaambie

Wiki hii pekee wasichana watatu wameniuliza, mmoja wa Muyeye, mmoja Mambrui na mwengine hata sijui ni wa wapi, swali lao moja, dada nifanyeje nicheze mpira wa kulipwa kama wewe. Nimechoka kujibu mmoja mmoja na bando zenyewe mnajua zinavoenda, basi naandika mara moja nyote msome. Nimecheza kiungo miaka kumi na mbili, Malindi, Nairobi, misimu miwili nje, alafu goti likanistaafisha kabla sijapanga kustaafu. Staa sikua. Na pengine ndio mana naweza kuwaambia haya, juu staa mambo yalimnyookea hakuona kona zote.

Cha kwanza jueni kiungo haonekani. Mshambuliaji akifunga goli moja mtaa mzima unalijua jina lake, wewe umepokonya mipira kumi na tano, umehamisha mchezo kutoka kulia kwenda kushoto mpaka wapinzani wamekatika pumzi, ukitoka uwanjani shangazi yako anakuuliza "leo hukuchezeshwa?" Wallahi nshaulizwa hivo na nlicheza dakika zote tisini.

Huko Ulaya washaamka. Ballon d'Or ya wanawake, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, 2021 na 2022 kachukua Alexia Putellas, 2023, 2024 na 2025 kachukua Aitana Bonmatí, miaka mitano mfululizo viungo watupu na wote wa Barcelona. Na Barcelona hao hao 2022 walimnunua Keira Walsh kutoka Manchester City kwa bei iliyovunja rekodi ya mpira wa wanawake wakati huo, na Walsh ni namba sita, kiungo mkabaji anaekaa mbele ya mabeki, msichana ambae magoli yake ya msimu mzima unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini kule uwanja una kamera kila pembe. Hapa kwetu uwanja wa Alaskan kamera ni simu ya binamu yako, na binamu yako anarekodi goli tu, tena anaanza kurekodi goli lishaingia.

Kwa hivo hio kazi ya kuonekana ni yako mwenyewe. Tafuta mtu mmoja, mpe soda, mwambie arekodi mechi NZIMA kutoka mahali pa juu, juu ya gari au ukuta popote, simu ilale upande na asikufate wewe tu, apige nusu ya uwanja ionekane. Makocha wa nje wakikutaka hawataki ile video ya dakika mbili yenye muziki, hio ni ya kubisha hodi tu, baadae wanaomba mechi kamili mbili tatu waone ukipoteza mpira unafanya nini. Ukisimama ukashika kiuno, washafunga faili. Andika tarehe, mpinzani, namba ya jezi, dakika. Mimi nlikua na mechi kama mia mbili nimecheza na video ninayo ya nne, na mbili kati ya hizo kuna mtu amesimama mbele ya kamera.

Sasa mchezo wenyewe. Wengi mnadhani kiungo ni pasi, kumbe ni shingo. Nlijifunza ufuoni na kina kakangu, zile siku za bamvua maji yakitoka mbali mpaka mchanga unakua mgumu kama lami, tunaweka ndara mbili mbili ndio magoli. Wavulana hawana huruma, mpira ukikufikia ukiwa hujui nani yuko nyuma yako ushapigwa muundi uko chini na hakuna refa wa kukulilia. Nikajizoesha kugeuza kichwa kabla mpira haujaja, kushoto, kulia, alafu unapokea kwa mguu ule wa mbali, mwili ushafunguka upande unaotaka kwenda. Nlipofika Nairobi nikamkuta kocha anasimama nyuma yetu ananyanyua vidole, na mpira ukiwa njiani lazima utaje ni vingapi. Wenzangu wanalia mimi nacheka moyoni, nshakula hio elimu bure. Fanyeni hilo zoezi, mnahitaji watu watatu na mpira mmoja basi. Namba sita, nane au kumi mtapangwa baadae, msigombane na makocha juu ya namba mkiwa na miaka kumi na tano, shingo ni ile ile.

Haya, pesa na karatasi, na hapa nitakaa kidogo manake ndipo nlipoumia kuliko goti.

Timu zangu za mwanzo hakuna mshahara, kuna nauli ikipatikana, na basi la usiku Malindi Nairobi unalipia mwenyewe alafu unaambiwa utarudishiwa. Nimeuza sana bajia miaka hio. Kwenye 2019 nikapata timu nje, daraja la pili, mji mdogo wa baridi kali, siutaji. Mkataba kurasa kumi na moja kwa lugha yao na kizungu pembeni, nikatafuta palipoandikwa mshahara na pa kusaini, nikasaini. Mwezi wa kwanza pesa zikaja. Wa pili zikaja nusu. Wa tatu na wa nne kimya, meneja ananiambia kesho, na kesho yake ilikua kama ile ya fundi cherehani wiki ya Idi. Nala tambi na mayai, mamangu akipiga simu namwambia niko sawa alhamdulillah, nimenona.

Nlichokua sijui ni hiki, na nataka mkijue leo: kanuni za FIFA tangu 2018 zinasema klabu ikikukalia mishahara ya miezi miwili, unaiandikia barua ya kudai na kuipa angalau siku 15 walipe, wasipolipa una haki ya kuvunja mkataba na bado deni lako unadai. Barua, si sauti ya WhatsApp na si kulia ofisini kwa meneja kama nlivofanya mimi. Nlikaa miezi minne bila kuandika hata mstari mmoja. Kabla ya kusaini someni nani analipa nyumba, nani analipa tiketi ya KURUDI, bima inalipa upasuaji au panadol tu, ukiumia mshahara unaendelea au unakatwa, na zile lugha mbili zikitofautiana ipi ndio inashinda. Mpelekee mtu anaejua sheria, hata akikutoza kidogo. Na kwa wale mnaofikiria kuolewa na kuzaa mkiwa bado mnacheza, tangu Januari 2021 mchezaji mwenye mkataba ana likizo ya uzazi ya wiki 14 kwa uchache, nane ziwe baada ya kujifungua, na analipwa si chini ya theluthi mbili ya mshahara. Klabu haiwezi kukufukuza eti umeshika mimba.

Na yule ajenti aliekwandikia DM? Kama una miaka 16 anadanganya. Uhamisho wa nchi hadi nchi ni kuanzia miaka 18, ukitoa sababu chache kama wazazi wako wenyewe wamehama kwa mambo yasio ya mpira. Ajenti wa kweli ana leseni ya FIFA na jina lake unaliona kwenye tovuti yao. Anaekuomba elfu thelathini za majaribio, mwambie mamako yuko kwa simu anataka kuongea nae, uone kama atapiga tena.

Goti sasa. Niliumia mechi ya kirafiki tu, Gede, hakuna alienigusa. Niligeuka, mguu ukabaki mwili ukaenda, nikasikia "ta!" Nyumbani bibi akakanda na mafuta ya nazi, uvimbe ukashuka, wiki ya sita nikarudi uwanjani, goti linanitoka namwambia kocha ni uchovu. Miezi mitano nikaenda kupigwa MRI Mombasa, ligamenti ya mbele, ile kano inayoshika goti lisiteguke, ishakatika siku nyingi na kile kigegedo cha ndani nacho nimekisaga kwa kulichezea goti lililolegea. Bibi simlaumu, alifanya anachokijua. Wanawake tunaikata hio ligamenti zaidi ya wanaume, Putellas yenyewe ilimkatikia Julai 2022 siku moja kabla ya Euro ya wanawake kuanza na akarudi, lakini alikua na madaktari siku ile ile. Ukisikia huo mlio na goti likavimba ndani ya masaa machache, usikandwe, nenda hospitali. Na fanyeni FIFA 11+, ni dakika ishirini za kupasha mwili kabla ya mazoezi, angalau mara mbili kwa wiki, haitaki kifaa chochote ila mpira. Inachosha kuangalia, inasaidia kweli.

Hijabu wengi mnauliza. Inaruhusiwa, tangu 2014 iko kwenye sheria za mchezo, mimi nikiwa shule nlishatolewa uwanjani na refa juu yake lakini hio ilikua kabla. 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco kaicheza Kombe la Dunia na hijabu yake. Ivae ya kubana isio na pini. Kufunga Ramadhani na mechi muulize ustadhi wako, mimi si mwanachuoni, ninachojua ni kumwambia kocha mapema akupangie mazoezi.

Na timu ya taifa inawezekana. 2016 Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipokwenda AFCON ya wanawake mara ya kwanza nlitazama kwa kibanda cha jirani Barani, Esse Akida alipowafunga Ghana nikamwaga chai ya watu. Tulipoteza mechi zote tatu lakini nani anakumbuka. 2024 watoto wa chini ya miaka 17 wakaenda Kombe la Dunia kule Dominican Republic wakawapiga Mexico, 2025 wakubwa wakaitoa Gambia wakafuzu tena AFCON. Shule malizeni lakini, mambo ya mkataba kwa kizungu nshawaambia.

Jumamosi ni bamvua, asubuhi maji yakitoka niko ufuoni na watoto wangu wa mazoezi. Mje na maji ya kunywa. Daluga wacheni nyumbani.